Kobe wa Papert: Historia ya Kuwafundisha Watoto Kuandika Programu

Logo, lugha ya programu iliyobuniwa mahsusi kwa ajili ya watoto, ilianza mwaka 1967 katika kampuni ya Bolt, Beranek and Newman mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani. Waasisi wake walikuwa Wallace Feurzeig, Seymour Papert, Cynthia Solomon na wenzao. Papert, mwanahisabati mzaliwa wa Pretoria, alikuwa amefanya kazi Geneva na Jean Piaget, aliyechunguza jinsi watoto wanavyojijengea maarifa. Kutokana na fikra hizo alishikilia kwamba mtoto ndiye anayepaswa kuiamuru kompyuta, si kompyuta kumpa mtoto mazoezi ya kujibu.

Mwanzoni Logo ilichezea maneno na sentensi. Kisha akaja kobe: roboti ya magurudumu iliyotembea sakafuni na kuacha mstari wa kalamu nyuma yake. Jina hilo lina asili yake Uingereza, ambako Grey Walter alitengeneza roboti zilizoitwa kobe mjini Bristol mwishoni mwa miaka ya 1940. Baadaye kobe wa Logo akahamia kwenye skrini.

Kuchora mraba kulihitaji amri mbili tu, nenda mbele 100 na geuka kulia 90, zikirudiwa mara nne. Pembetatu ndiyo iliyowatatiza wengi. Mtoto aliyefundishwa kwamba pembe za pembetatu yenye pande sawa ni digrii 60 huamuru kobe ageuke 60, na kobe huishia kuchora nusu ya umbo la pande sita. Hapo mwalimu wa Logo hakutoa jibu wala kugusa kibodi. Alimwambia mtoto asimame, ajifanye kobe, atembee njia ile ile sakafuni. Akitembea, mtoto hugundua kwamba mwili wake hugeuka digrii 120 katika kila kona, na migeuko mitatu humrudisha alikoanza kwa jumla ya 360. Kosa lilihesabiwa kuwa sehemu ya kazi, na huo ndio mchango mkubwa kuliko yote ambao Logo iliwaachia wazazi na walimu.

Wasiojua kusoma nao walifikiriwa. Katikati ya miaka ya 1970, Radia Perlman, ambaye baadaye alipata sifa kwa kazi yake katika mitandao ya kompyuta, alibuni katika chuo kikuu cha MIT vifaa vya vitufe na kadi ambavyo watoto wa shule ya awali waliweza kumwongozea kobe bila kuandika neno.

Kitabu cha Papert, Mindstorms, kilitoka mwaka 1980, na kompyuta ndogo zikaiingiza Logo katika shule nyingi za Marekani na Ulaya. Miaka ya 1990 mvuto wake ulipungua. Mwaka 2007 kundi la Mitchel Resnick huko MIT likatoa Scratch, ambamo amri ni vipande vya rangi vinavyopachikwa kwa kipanya, kwa hiyo kosa la tahajia haliwezi tena kuvunja programu. ScratchJr, ya watoto wa miaka 5 hadi 7, ilifuata mwaka 2014.

Programu za watoto huweza pia kupelekwa kwenye maonyesho ya sayansi, ambayo yana historia yake. Yale ya kitaifa ya Marekani yalianza Philadelphia mwaka 1950. Nchini Tanzania, Young Scientists Tanzania, iliyofuata mfano wa Ireland, ilifanya maonyesho yake ya kwanza mwaka 2012 kwa wanafunzi wa sekondari. Maonyesho hayo yalipokutana na programu za watoto, sharti la zamani halikubadilika: lazima pawe na swali na jaribio. Paka anayecheza kwenye skrini ni kazi nzuri, lakini bado si mradi wa sayansi. Mtoto akiandika programu ya kurusha dadu mara 600, akakisia kwamba kila upande utatokea karibu mara 100, kisha akalinganisha na dadu halisi, ana swali. Mtu mzima anaweza kumsaidia kuchora jedwali na kumuuliza kwa nini hesabu hazilingani. Programu yenyewe aiandike mtoto, kwa kuwa ndiye atakayesimama mbele ya waamuzi kuieleza.

Kenya nayo iliidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari mwaka 2022. Scratch hutolewa bure, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake.