Vijana na usugu wa antibiotiki

Usugu wa antibiotiki ni hali ya bakteria kuendelea kuishi na kuzaana ingawa mgonjwa ametumia dawa ambayo awali iliwaua. Vijana, hasa wanafunzi wa shule za sekondari na wa vyuo vya afya, ni kati ya wanaoeneza elimu kuhusu tatizo hilo katika jamii. Nchini Tanzania tatizo hilo ni sehemu ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa, unaofupishwa UVIDA, ambao unahusu pia virusi, kuvu na vimelea vingine.

Asili ya tatizo

Watu wengi hudhani kwamba ni mwili wa mgonjwa unaozoea dawa. Kwa kweli wanaobadilika ni bakteria. Dawa inapotumika, bakteria dhaifu hufa, na wachache wenye uwezo wa kuihimili hubaki na kuzaana. Hao wanaweza kuambukiza mtu mwingine ambaye hajawahi kumeza dawa hiyo.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alitoa onyo kuhusu hatari hiyo katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Inakadiriwa kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walifariki moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu.

Nafasi ya vijana

Katika familia nyingi kijana ndiye anayetumwa duka la dawa, na mara nyingi ndiye anayewasomea wazee maelezo ya pakiti. Kwa hiyo anachojifunza shuleni hufika nyumbani upesi.

Nchini Tanzania, Chama cha Wanafunzi wa Famasi (TAPSA) kimepeleka elimu hiyo katika shule za sekondari. Shirika la Roll Back Antimicrobials Initiative, linaloongozwa na vijana, hufanya kazi kwa njia ya vilabu vya wanafunzi. Shughuli za namna hiyo huongezeka wakati wa wiki ya kimataifa ya uhamasishaji, inayofanyika tarehe 18 hadi 24 Novemba kila mwaka. Wiki hiyo iliadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015.

Yanayofundishwa

Mafunzo hulenga mazoea ya kila siku:

* Mafua ya kawaida husababishwa na virusi, hivyo antibiotiki haziyatibu.
* Dawa itumike kwa ushauri wa mtaalamu wa afya, kwa kiasi na siku alizoelekeza.
* Dawa iliyobaki isihifadhiwe kwa ugonjwa ujao, wala mtu asimgawie jirani.
* Unga wa kapsuli usinyunyiziwe kwenye kidonda.
* Kunawa mikono, kutumia maji safi na kupata chanjo hupunguza maambukizi, na hivyo haja ya dawa.
* Mfugaji aliyewapa kuku dawa asubiri siku zilizoandikwa kwenye pakiti kabla ya kuuza nyama au mayai.

Mipaka ya elimu

Elimu peke yake haitoshi. Mgonjwa anaweza kujua kwamba dozi inatakiwa kuwa kamili, lakini akanunua vidonge vichache kwa sababu fedha aliyo nayo inaishia hapo. Mwingine huenda duka la dawa moja kwa moja kwa kuwa zahanati iko mbali au haina vipimo. Pia si rahisi kwa kijana kumkosoa mzazi au mwenye duka bila kuonekana hana adabu. Kwa sababu hiyo vijana huhitaji kuungwa mkono na walimu, wafamasia na viongozi wa mtaa, huku serikali ikisimamia uuzaji wa dawa na kusogeza huduma za afya karibu na wananchi.