Superman na ugomvi wa mashabiki: filamu iwe mwaminifu kwa kitabu kipi?

Filamu mpya ya Superman ilipoingia kwenye majumba ya sinema mwezi Julai 2025, mashabiki walikuwa wamekwisha kugombana siku nyingi. Ugomvi ulianza na chupi. Tangu 1938 shujaa huyu alichorwa akiwa na chupi nyekundu juu ya suruali ya bluu ya kubana. Mwaka 2011 wachapishaji wa vitabu vyake vya katuni waliiondoa. Filamu ya 2013 nayo haikuwa nayo. Mwaka 2018 ikarudi vitabuni. Kwa hiyo picha za kwanza za mchezaji mpya, David Corenswet, zilipotolewa, wengi walimtazama kiunoni kabla ya kumtazama usoni.

Chupi ilikuwepo. Mwongozaji wa filamu, James Gunn, alieleza kwamba alisitasita sana kabla ya kuirudisha. Corenswet ndiye aliyemshawishi. Alimwambia kwamba Superman ni mtu mwenye nguvu za kutisha, na hataki watoto wamwogope, kwa hiyo ni lazima avae nguo ya kuchekesha kidogo, kama wapiganaji wa mieleka. Watu wa Kongo waliowahi kuona wachezaji wa catch wakipita barabarani na nguo zao za rangi, huku watoto wakiwafuata mbio, wanaelewa neno hilo bila maelezo.

Baada ya chupi yakaja maswali mazito zaidi. Je, Superman anaweza kuua? Je, wazazi wake walikuwa watu wema? Je, hadithi yake inapaswa kuingia katika mambo ya vita na wahamiaji? Kila upande ulidai jambo moja: filamu iwe mwaminifu kwa vitabu. Lakini vitabu hivyo vina zaidi ya miaka themanini, na vyenyewe havikubaliani.

Vijana wawili wa Cleveland

Superman alibuniwa na vijana wawili wa mji wa Cleveland, Marekani. Jerry Siegel aliandika, Joe Shuster alichora. Walijuana shuleni. Wote wawili walikuwa watoto wa familia za Kiyahudi zilizotoka Ulaya. Wazazi wa Siegel walitoka Lithuania. Shuster alizaliwa Toronto, Kanada, baba yake akiwa ametoka Rotterdam na mama yake Kyiv. Mwaka 1932 baba yake Siegel, aliyekuwa na duka la nguo, alifariki wakati wezi walipoingia dukani.

Vijana hao walitembeza kazi yao kwa miaka kadhaa, na kila mlango ulifungwa. Mwezi Machi 1938 kampuni moja ya New York ilikubali. Iliwalipa dola 130 kwa kurasa 13, na kwa malipo hayo wakaachia haki zote za shujaa wao. Kitabu cha kwanza, Action Comics namba 1, kiliuzwa kwa senti 10. Mwaka 2024 nakala moja ya kitabu hicho ilinunuliwa mnadani kwa dola milioni 6.

Ukurasa wa kwanza unasimulia habari ambayo familia nyingi zilizokimbia zinaweza kuitambua. Sayari ya mbali inakufa. Mtu mmoja anamweka mtoto wake mchanga ndani ya chombo na kumtuma duniani. Mtoto anaokotwa na mpita njia. Katika kitabu hicho cha kwanza hakuna mzee Kent na mkewe, wale wakulima wema wanaojulikana leo. Mtoto anapelekwa katika nyumba ya mayatima. Wazazi wa kumlea waliongezwa mwaka uliofuata, 1939.

Je, shujaa huyo wa kwanza alipambana na nani? Hakukuwa na wageni kutoka angani wala mashine kubwa. Alimzuia mume aliyekuwa akimpiga mke wake. Alimwokoa mwanamke aliyehukumiwa kifo bila kosa. Katika namba 2 alimkamata tajiri mtengenezaji wa silaha ambaye vita vilimnufaisha. Alimlazimisha aende kuwa askari wa kawaida katika vita vile vile alivyokuwa akiviuzia risasi. Tajiri alipoonja hofu ya bomu, aliapa kuacha biashara hiyo. Kisha Superman aliwakamata makamanda wa pande zote mbili, akawaambia wapigane wao wenyewe. Hawakujua wanapigania nini. Akawaeleza kwamba vita vyao vinaendelea ili wauza silaha wapate soko.

Hayo yaliandikwa 1938. Anayesema leo kwamba Superman hakuwahi kugusa mambo ya vita hakufika hata kitabu cha pili. Hata maadui wa wakati huo walielewa: mwaka 1940 gazeti la SS, kikosi cha Hitler, lilimshambulia Siegel kwa sababu ya Uyahudi wake na kazi yake.

Redio ilimpa mengi

Superman wa 1938 hakuruka angani. Alichupa tu. Kitabu cha kwanza kilisema anaweza kuruka kwa mchupo mmoja umbali wa kama mita 200. Gazeti alilofanyia kazi liliitwa Daily Star, na mkuu wake aliitwa George Taylor. Mashabiki wa leo wangeona majina hayo kwenye filamu, wangepiga kelele kwamba hadithi imeharibiwa.

Mabadiliko mengi yalitoka kwenye redio. Tarehe 12 Februari 1940 mchezo wa redio wa Superman ulianza Marekani, na uliendelea mpaka 1951. Redio haina picha. Msikilizaji alipaswa kusikia kwamba shujaa ameondoka ardhini, kwa hiyo watangazaji walitumia sauti ya upepo na maneno ya kupaa. Filamu za katuni za 1941 zilimrusha angani mbele ya macho ya watu, kwa kuwa kuchupa-chupa hakukupendeza kwenye picha zinazotembea. Vitabu vikafuata.

Perry White, mkuu wa gazeti mwenye hasira, alizaliwa redioni 1940. Jimmy Olsen, kijana wa gazetini, alipata jina lake redioni mwaka huo huo. Jiwe la kryptonite linalomwondolea Superman nguvu lilisikika redioni 1943, na halikuingia vitabuni mpaka 1949. Mchezaji wa redio, Bud Collyer, alitumia sauti nyepesi kwa Clark Kent, kisha akaishusha kuwa nzito alipogeuka Superman. Wachezaji wa sinema waliokuja baadaye walirithi mchezo huo wa sauti mbili.

Kwa hiyo shabiki anayedai filamu ya shujaa anayeruka, anayeogopa kryptonite na kufanya kazi kwa Perry White, anadai uaminifu kwa mambo ambayo waandishi wa kwanza hawakuyaandika katika vitabu vile vya mwanzo. Yaliongezwa njiani, yakapendwa, yakawa ya asili. Ndivyo hadithi za bibi jioni zinavyokua: kila msimuliaji anaongeza, na baada ya muda mtoto anamkosoa bibi anayesahau kile ambacho bibi wa zamani hakukijua.

Familia ya Lee, 1946

Nyongeza moja ya redio inastahili kukumbukwa kuliko kryptonite. Mwezi Juni 1946, mwaka mmoja baada ya Vita Kuu ya Pili, mchezo wa Superman ulianza sehemu 16 kuhusu familia ya Kichina iliyohamia Metropolis. Baba, Daktari Lee, alipata kazi ya afya mjini. Mtoto wake Tommy alikuwa mrushaji hodari wa mpira wa besiboli, akachukua nafasi ya kijana mwingine katika timu. Kijana aliyeshushwa alikuwa na mjomba ambaye ni kiongozi wa kundi la siri lenye kuvaa kofia za kuficha uso na kuchoma misalaba. Kila msikilizaji wa Marekani alijua kwamba hao ni Ku Klux Klan, hata kama jina lilibadilishwa kidogo.

Kundi hilo lilitaka kuifukuza familia ya Lee kwa sababu moja: walikuwa wageni. Superman alisimama upande wa familia. Jioni baada ya jioni, watoto waliokaa karibu na redio zao walisikia kwamba mtu anayemfukuza jirani kwa ajili ya asili yake ndiye adui. Mwandishi Gene Luen Yang, ambaye naye ni mtoto wa wahamiaji, aliigeuza hadithi hiyo kuwa kitabu cha katuni kilichoanza kutoka 2019. Safari hii redio ndiyo iliyokuwa chanzo, na kitabu ndicho kilichopaswa kuwa kiaminifu.

Sinema na deni kwa wabunifu

Mwaka 1978 mwongozaji Richard Donner alitoa filamu ambayo mashabiki wengi bado wanaipimia nyingine zote. Alimchagua Christopher Reeve, kijana ambaye wakati huo hakuwa na jina kubwa. Donner alisisitiza kwamba hadithi isifanyiwe mzaha: mtazamaji aamini kwamba mtu anaruka.

Lakini kabla ya filamu hiyo kulikuwa na jambo la aibu. Siegel na Shuster walikuwa wameenda mahakamani 1947 kudai haki zao, na baadaye majina yao yakaondolewa kwenye vitabu. Mwaka 1975, kampuni ilipokuwa ikitayarisha filamu ya mamilioni ya dola, Siegel alikuwa karani mwenye mshahara mdogo na Shuster alikuwa karibu kupofuka. Siegel alituma barua kwa magazeti akiilaani filamu hiyo. Wachoraji wenzao, wakiongozwa na Neal Adams na Jerry Robinson, waliwasimamia. Mwisho kampuni ilikubali kuwalipa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kurudisha majina yao kwenye kila kazi ya Superman.

Hapo kuna kipimo cha uaminifu ambacho watu husahau. Hadithi iliyopendwa na dunia nzima iliwatajirisha wengine, na waliobuni wakabaki nje. Wachoraji hao hawakuhesabu nyuzi za nguo. Walidai kwanza watu waliotunga wapewe haki yao.

Kuua au kutoua

Filamu ya 2013, Man of Steel, ilileta ugomvi mwingine. Mwishoni Superman anavunja shingo ya adui yake Zod ili kuokoa familia iliyo karibu kuchomwa. Wengi walisema: Superman haui, vitabu vimekataza. Wengine wakawajibu kwa kufungua kitabu cha 1988, ambamo Superman anawaua wahalifu watatu wa sayari yake kwa kryptonite. Pande zote mbili zilikuwa na ushahidi.

Tofauti ilikuwa mahali pengine. Katika kitabu cha 1988 tendo hilo lilimtesa shujaa, na hadithi zilizofuata zilibeba majuto yake. Walioumizwa na filamu ya 2013 walilalamika pia kwamba mji mzima ulibomoka huku kamera ikiwaonyesha raia waliokufa kwa haraka mno. Yeyote aliyepoteza nyumba katika vita atawaelewa. Wanaopigana wanahesabu ushindi, na raia wanahesabu waliokuwa ndani.

Filamu ya 2025

Gunn alionekana kusikia malalamiko hayo. Katika filamu yake Superman anahangaika kumwondoa kila mtu hatarini, hata kindi mmoja. Nchi ya kubuniwa ya Boravia inataka kuivamia Jarhanpur, na Superman anaizuia. Tajiri Lex Luthor anaipa Boravia silaha ili apate sehemu ya ardhi ya jirani huyo. Kabla filamu haijatoka, Gunn alisema katika mahojiano kwamba Superman ni hadithi ya mhamiaji. Baadhi ya watu walikasirika, wakasema analeta siasa. Lakini jina la Boravia lilikuwa vitabuni tangu 1939, mfanyabiashara wa silaha tangu 1938, na mtoto aliyetoka mbali tangu ukurasa wa kwanza.

Jambo moja lilikuwa geni kweli kweli. Katika filamu hii ujumbe wa wazazi wa Superman una nusu ya pili iliyokuwa imeharibika. Inaposomwa, inamwambia mtoto aende akawatawale watu wa dunia. Mashabiki wengi walitumaini kwamba maadui wameugushi. Gunn alisema hapana, ni wa kweli. Hilo liliwachoma waliokua wakiwaamini wazazi wale kuwa watu wema, na uchungu wao una sababu. Mtoto aliyetumwa peke yake hubaki na swali moja maisha yote: walionituma walitaka niwe nani?

Kitabu cha 1938 hakina jibu, kwa kuwa hakina ujumbe wowote. Kina chombo, mtoto, na watu wasiomjua waliompokea. Filamu ya Gunn inarudi hapo hapo: baba mkulima aliyemlea anamwambia kwamba njia atakayochagua mwenyewe ndiyo itakayoonyesha yeye ni nani. Katika dakika za mwisho Superman yuko ndani ya ngome yake, akitibiwa majeraha. Safari hii hasikilizi ujumbe wa sayari yake. Anatazama picha za zamani za wazee wa shambani wakicheza naye alipokuwa mdogo.