Muda wa Kudai Nyaraka katika Mashauri ya Kazi nchini Marekani

Katika shauri la mfanyakazi aliyeachishwa kazi, karibu kila karatasi yenye uzito, kuanzia jalada lake la utumishi hadi kumbukumbu za kikao kilichoamua aondolewe, huwa mikononi mwa mwajiri, na ndiyo maana historia ya haki ya kuziona nyaraka hizo haiwezi kutenganishwa na historia ya wafanyakazi wenyewe. Haki hiyo ilianzia Uingereza, ambako mahakama za kawaida hazikuwa na uwezo wa kumlazimisha mtu amwonyeshe mpinzani wake nyaraka kabla ya kesi kusikilizwa, hivyo aliyezihitaji alifungua shauri la pembeni katika Mahakama ya Chancery, iliyoamua kwa misingi ya haki na dhamiri. Marekani iliurithi mgawanyiko huo, mpaka Kanuni za Shirikisho za Mwenendo wa Madai zilipoanza kutumika mwaka 1938 na kuuweka ufichuaji wa nyaraka, yaani wajibu wa kila upande kuupatia upande wa pili nyaraka unazodai, ndani ya shauri lenyewe.

Miongoni mwa kesi za mwanzo zilizozipima kanuni hizo ni ile iliyotokana na kuzama kwa tagi iitwayo J. M. Taylor katika mto Delaware mwaka 1943, ambapo mabaharia watano kati ya tisa walikufa maji. Katika uamuzi wake wa mwaka 1947, Hickman dhidi ya Taylor, Mahakama Kuu ya Marekani iliyalinda maandishi ya wakili aliyoyaandaa kwa ajili ya kesi, lakini ilisisitiza pia kwamba haki haitendeki ipasavyo mpaka pande zote mbili ziujue ukweli uliokusanywa. Hata hivyo, kwa mujibu wa Kanuni ya 34, aliyetaka nyaraka aliendelea kuiomba mahakama na kueleza sababu ya msingi hadi mwaka 1970, ambapo maombi ya wakili kwa wakili yalitosha, na aliyeombwa akapewa kwa kawaida siku 30 za kujibu.

Mabadiliko hayo yalikuja wakati mwafaka, kwa kuwa Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ilikuwa imekataza ubaguzi kazini, na mwaka 1973, katika kesi ya McDonnell Douglas, Mahakama Kuu ilieleza kwamba mfanyakazi anaweza kuthibitisha kuwa sababu aliyopewa ni kisingizio, kwa mfano kwa kuonyesha jinsi wenzake wa rangi nyingine waliofanya kosa kama lake walivyotendewa. Ushahidi wa namna hiyo huwamo majaladani mwa kampuni, si kwingineko.

Mwaka 1983 Kanuni ya 16 ilirekebishwa, ikamtaka jaji apange ratiba yenye tarehe ya mwisho ya ufichuaji, isiyobadilishwa bila sababu ya msingi, na mahakama nyingi zimekuwa zikiipima sababu hiyo kwanza kwa bidii ya mwombaji, wala si kwa uzito wa waraka anaoutaka. Zaidi ya hayo, majaji wengi huyahesabu maombi yaliyotumwa zikiwa zimesalia chini ya siku 30 kuwa yamechelewa, kwa kuwa majibu yake yangeangukia nje ya muda. Kipimo hicho kinafaa pale ambapo kila upande una karatasi zake, lakini kinamwelemea mfanyakazi, ambaye mara nyingi husikia habari za waraka fulani kwa mara ya kwanza pale meneja anapohojiwa chini ya kiapo, muda ukiwa unakaribia kwisha, kwani hakuna bidii inayoweza kumfanya mtu aombe kitu asichojua kuwa kipo.

Jibu la maana zaidi lilipatikana Novemba 2011, ilipochapishwa itifaki ya majaribio iliyoandaliwa na mawakili wa waajiri na wa wafanyakazi kwa pamoja, inayozitaka pande zote zibadilishane nyaraka za msingi bila kuombwa, ndani ya siku 30 baada ya mwajiri kujibu madai. Itifaki hiyo hutumika tu kwa majaji walioikubali. Mbele ya wengine, wakili wa mfanyakazi bado huihesabu kalenda kurudi nyuma kutoka tarehe ya mwisho.