Nyasi Zilizofukiwa: Mambo ya Kila Siku na Imani katika Umatengo na Pwani ya Ziwa Nyasa

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Martin Luther anapoeleza sehemu ya kwanza ya Imani ya Mitume hakawii angani. Mara moja anashuka kwenye viatu, chakula, shamba na mifugo, yaani vitu ambavyo mkulima wa Saksonia alivishika kila siku bila kuvifikiri. Kwake hivyo vilitosha kumfundisha mtu kwamba ana Baba. Lakini ni Luther huyo huyo ambaye miaka 11 kabla yake, mwezi Aprili 1518 kule Heidelberg, alitoa hoja kali katika tasnifu ya 19 na ya 20: kwamba hastahili kuitwa mwanatheolojia mtu adhaniaye kuwa anamwona Mungu waziwazi kwa kuvitazama viumbe, astahiliye ni yule anayemfahamu Mungu kwa njia ya mateso na msalaba. Mhubiri apandaye mimbarani na kuufanya mtumbwi, jembe au mvua kuwa mfano wa imani hana budi kuzijibu hoja zote mbili.

Katika makala hii tunakusudia kulichunguza jambo hilo mahali pamoja, yaani milima ya Mbinga na pwani ya Ziwa Nyasa iliyo chini yake, ambayo tangu mwaka 2012 imekuwa Wilaya ya Nyasa. Sisi Walutheri tunaizungumzia nchi hiyo kama wageni. Wamisionari wa Berlin walifika ncha ya kaskazini ya ziwa mwaka 1891, lakini huku kusini milima ililimwa na Wabenediktini, waliofungua Peramiho mwaka 1898, Kigonsera mwaka 1899 na Litembo mwaka 1914. Nayo pwani ilihudumiwa na Waanglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu (UMCA) kutoka kisiwa cha Likoma tangu mwaka 1885. Ugeni huu una faida yake, maana mgeni anapaswa kuuliza. Na tulipouliza tulifikia neno moja: kitu cha kawaida hakimfundishi mtu imani mpaka gharama yake ikumbukwe.

Tuanzie pwani, pale Liuli. Karibu na bandari uko mwamba ambao Wajerumani walipouona waliona sanamu ya Sfinksi ya Misri, hata bandari wakaiita Sphinxhafen. Wenyeji hawakuwa na haja ya Misri ili kuujua mwamba wao. Mgeni huona kile alichokuja nacho mfukoni. Mwezi Agosti 1914 wageni hao walionyeshana mengine: meli ya Kiingereza Gwendolen iliishambulia kwa mizinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na nahodha wake, aliyefahamiana vema na mwenzake Mwingereza, hakuwa amepata hata habari kwamba vita imeanza. Hicho kilihesabiwa kuwa ushindi wa majini. Tunayataja haya kwa sababu wahubiri wetu nao wana Sfinksi zao. Tumesikia mara nyingi vijana waliotoka vyuoni wakiwahubiria wavuvi habari za theluji na mashamba ya mizabibu, mambo waliyoyasoma vitabuni, huku dirishani panaonekana usipa ukianikwa mchangani.

Hata hivyo kuyabadilisha maneno peke yake hakutoshi. Mtu aweza kuondoa mzabibu, akaweka ngoro, na bado asiwe amesema neno. Ngoro, ambazo wengine huziita ngolo, ni mashimo ya mraba yanayoufunika mteremko wote wa mlima kama sega la nyuki, kila moja likiwa na upana wa mita moja na nusu hivi. Mvua zinapokaribia kwisha, mnamo Februari na Machi, wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga kwa mistari inayokatana hata ikafanya miraba. Ndipo wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi, na kingo zinazopatikana hupandwa maharage. Baada ya mavuno shamba hungoja mvua za mwisho wa mwaka ili kupokea mahindi. Magugu yanayopaliliwa hutupwa shimoni yakaoze. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni badala ya kuporomoka na udongo kwenda mtoni. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto walifanya utafiti katika milima hii, wakakuta kwamba elimu hiyo ya wenyeji imeuhifadhi udongo mahali ambapo mtu asingetazamia kuuona umebaki.

Mhubiri mvivu ataishia hapo: tazameni uzuri wa kazi ya Mungu milimani. Lakini kwa nini watu walilima miteremko mikali namna ile? Simulizi ya wazee inajibu kwamba katikati ya karne ya 19 mashambulizi ya Wangoni yaliwasukuma watu kutoka nchi tambarare wakakimbilia vilele, wakasongamana mahali padogo, na ardhi isiyofaa ikawa ndiyo pekee waliyokuwa nayo. Simulizi nyingi huziunganisha ngoro na dhiki hiyo. Basi uzuri unaoonekana leo kutoka barabarani ni kazi ya wakimbizi. Tukilijua hilo, neno la Bwana juu ya punje ya ngano iangukayo katika nchi (Yohana 12:24) linapata uzito mwingine. Kilichokatwa hakikuchomwa moto, kilizikwa. Na juu ya kaburi lake kukaota chakula cha watoto. Hapa hoja ya Heidelberg na ile ya Katekisimo zinakutana, kwani tunaiona zawadi ya Muumba, lakini tunaiona kwa kupitia jeraha.

Tena kuna jambo ambalo wanaume tunaohubiri huliruka. Kazi ya kufyeka ni ya siku chache; kazi ya kuchimba na kufukia, ambayo ndiyo inayoupinda mgongo, kwa desturi ni ya wanawake. Mchungaji anayezisifia ngoro mimbarani bila kuwataja waliozichimba ameisema nusu ya mfano, na akina mama waliokaa mbele yake wanaifahamu ile nusu nyingine kwa viuno vyao.

Tukiteremka ziwani tunakuta jambo hilo hilo katika sura ya maji. Upepo wa mwera unapovuma, wavuvi wa Mbamba Bay hawahitaji kufafanuliwa Zaburi ya 107 wala habari ya dhoruba katika Marko 4. Kanisa la pwani hii lenyewe lina kaburi la maji katika kumbukumbu zake. Mwezi Septemba 1895 Askofu Chauncy Maples, aliyekuwa amewekwa wakfu mwaka huo huo, alikuwa akirudi Likoma wakati mashua yake ilipopinduka kwa tufani. Waliookoka walileta habari kwamba aliwaambia wapiga makasia waziokoe roho zao, naye akazama. Meli iliyopewa jina lake iliingia majini mwaka 1901. Wanahistoria wa misheni wameandika mengi juu ya meli hiyo, na machache mno juu ya mamia ya watu, wengi wao Wangoni, waliolivuta boila lake kwa mikono nchi kavu ili kuyakwepa maporomoko ya mto Shire. Majina yao hayako katika bamba lolote tulilowahi kuliona.

Kadhalika yupo William Percival Johnson, aliyezaliwa mwaka 1854 na kuitumikia pwani hii kwa zaidi ya miaka 40. Macho yake yaliharibika mapema, akaendelea na kazi akiwa karibu kipofu, akatafsiri Maandiko katika Chinyanja, na mwaka 1928 akafa Liuli, ambako kaburi lake liko. Inatupasa kulitafakari: mtu ambaye hakuweza kuuona vizuri ule mwamba aliishi na watu wa mahali pale hadi kufa, na waliokuwa na macho mazima waliiona Misri.

Limebaki jambo moja, nalo tunaliona kuwa zito kuliko mengine. Wamatengo walikuwa na desturi iitwayo sengu. Jamaa wa ukoo mmoja walikutana kula pamoja. Chakula kilipikwa katika nyumba mbalimbali kikaletwa mahali pamoja, na hapo mashauri yalikatwa, ugomvi ulisuluhishwa, vijana walifunzwa. Palipoletwa vyungu vingi, mtoto wa nyumba isiyo na kitu hakulala njaa, wala hakutambulikana. Ni vigumu kwetu kuisoma 1 Wakorintho 11, pale Paulo anapowakemea walao kila mtu chakula chake huku mwingine ana njaa, bila kuikumbuka sengu. Huko Korintho mtume alikuwa akililia kitu ambacho Wamatengo walikuwa nacho.

Walikuwa nacho, twasema, maana sengu imefifia. Kahawa, iliyoanza kulimwa Umatengo katika miaka ya 1920, ilileta fedha, na fedha huingia katika nyumba moja moja. Uhamiaji wa vijijini wa miaka ya 1970 uliwapanga watu kwa namna nyingine. Hatusemi kwamba kahawa ni dhambi; imesomesha watoto na kuezeka makanisa. Tunasema tu kwamba meza iligawanyika, na Kanisa lililokuwa likihubiri Meza ya Bwana kila Jumapili halikuonekana kushtuka. Yamkini lilidhani desturi ile ilikuwa ya ukoo tu, isiyohusiana na Sakramenti. Wasomi wa kilimo walikuwa wasikivu zaidi: katika kijiji cha Kindimba, kazi ya maendeleo iliyofuata utafiti ule wa miaka ya 1990 ilihitaji kamati ya wanakijiji, na jina lililopewa kamati hiyo likawa Sengu.

Katika madarasa ya Kipaimara vijana wa milima hii hujifunza maana ya Chakula cha Bwana kwa maneno ya Katekisimo, nao huyakariri vizuri. Wazee walioketi sengu wakiwa watoto bado wapo, wengi wao katika viti vya nyuma vya makanisa, na ni nadra mchungaji kuwaita mbele ya darasa wasimulie vyungu vile vililetwaje, na nani aliyepakua.