Kalori ngapi kwa siku? Namna ya kupata lengo la kupunguza uzito ambalo halitakushinda wiki ya tatu

Namba 1,200 inajulikana sana kwa watu wanaopambana na kitambi. Programu nyingi za simu, ukijaza kilo, urefu na umri kisha ukabonyeza kwamba unataka kupungua haraka, zinakurudishia namba hiyo au jirani yake: kalori 1,200 kwa siku. Mtu anaanza nayo Jumatatu, anakomaa mpaka Ijumaa, Jumamosi kuna harusi.

Sasa hesabu. Siku 5 za kalori 1,200 ni kalori 6,000. Jumamosi na Jumapili njaa ya wiki nzima inadai haki yake: pilau, soda mbili, chipsi za usiku, kalori 3,000 kila siku. Jumla ya wiki inakuwa 12,000. Mwenzake aliyeamua kula kalori 1,700 kila siku, harusi ikiwemo, anamaliza wiki na 11,900. Kala kidogo kuliko yule wa 1,200, na hakuna siku aliyolala akiota chapati.

Kwa hiyo swali la kuanza nalo ni hili: ni namba gani mtu anaweza kuishi nayo miezi 8 au 10, pamoja na sherehe zake, mwisho wa mwezi wake, na chakula cha nyumbani ambacho pengine anakipika mtu mwingine?

Anza na kile mwili unachotumia

Kabla ya kupunguza, lazima ujulikane unapunguza kutoka wapi. Gramu moja ya wanga au protini ina kalori 4, gramu ya mafuta ina 9, ya pombe ina 7. Sehemu kubwa ya nishati hiyo inakwenda kwenye kazi ambazo hakuna anayeziona: moyo, ini, ubongo, kupumua. Hata mtu akilala kitandani siku nzima, mwili unaendelea kuchoma.

Kanuni inayotumika sana kukadiria matumizi hayo ya mwili uliopumzika ni ya Mifflin na St Jeor, iliyochapishwa mwaka 1990. Kikokotoo cha simu kinatosha. Chukua kilo zidisha kwa 10. Jumlisha urefu wa sentimita uliozidishwa kwa 6.25. Toa umri uliozidishwa kwa 5. Mwishoni mwanamume anaongeza 5, mwanamke anatoa 161.

Tuseme ni dada wa miaka 30, kilo 82, urefu sentimita 162, anaishi Mbagala na anafanya kazi ya ofisini Posta. Hesabu yake: 820 jumlisha 1,012 na nusu, toa 150, toa 161. Inabaki kama 1,520. Hizo ni kalori ambazo mwili wake unatumia bila hata kuinuka.

Kisha inazidishwa kwa kiwango cha shughuli. Anayekaa kutwa nzima huzidisha kwa 1.2, mwenye mizunguko kiasi kwa 1.375, anayefanya mazoezi ya maana siku 3 hadi 5 za wiki kwa 1.55. Dada wetu anatembea mpaka kituo cha daladala na anafanya usafi nyumbani, kwa hiyo 1.375 inamtosha: kalori 2,090 kwa siku. Akila hapo, uzito wake unabaki palepale.

Hapa ndipo wengi wanajipendelea. Kwenda jimu mara mbili kwa wiki hakumpandishi mtu hadi 1.55. Dada huyu akijipa 1.55 anapata 2,360, yaani kalori 270 za zawadi ambazo hajazifanyia kazi. Ukiwa na shaka, chagua kiwango cha chini.

Upunguze kiasi gani?

Mwongozo wa huduma ya afya ya Uingereza, NHS, hutaja kupunguza karibu kalori 600 kwa siku ili kushuka nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Wengine husema 500. Namba hizi zinatokana na ukweli kwamba kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700.

Ila hesabu hiyo hainyooki hivyo miezi yote. Mwili ukipungua unatumia nishati kidogo zaidi, na njaa nayo inapanda. Mtafiti Kevin Hall wa taasisi za taifa za afya za Marekani, pamoja na wenzake, walikadiria mwaka 2016 kwamba kwa kila kilo inayopotea, matumizi ya mwili hushuka kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, wakati hamu ya kula hupanda kwa karibu kalori 100. Soma tena hiyo ya pili. Aliyepungua kilo 5 anabeba hamu ya karibu kalori 500 za ziada kila siku. Mtu huyo hajawa mlafi ghafla, ni mwili unadai kilo zake zirudi.

Ndiyo maana pengo likiwa kubwa mno mwanzoni halidumu. Kuna utafiti mmoja Marekani uitwao CALERIE ambapo watu wenye afya nzuri waliombwa kupunguza asilimia 25 ya kalori zao kwa miaka miwili. Walikuwa na wataalamu wa lishe na washauri wa kuwafuatilia. Mwishoni wastani wa walichopunguza kweli ulikuwa kama asilimia 12. Kama watu waliokuwa na timu nzima nyuma yao walifika nusu ya lengo, mtu mwenye simu na bando la wiki asijilaumu sana.

Kwa dada wa Mbagala, 1,700 ni lengo linaloingia akilini. Ni pengo la kalori 390, chini kidogo ya asilimia 20 ya anachotumia. Mwanzoni atashuka kama kilo moja na nusu kwa mwezi, baadaye polepole zaidi. Kilo 10 zinaweza kumchukua mwaka mzima. Hili halipendezi kusikia, na hakuna anayeliweka kwenye tangazo.

Vipi kuhusu 1,200? Kwa mwanamke hiyo hutajwa kama sakafu, na kwa mwanamume 1,500: chini ya hapo inakuwa kazi kupata madini na vitamini vya kutosha kwenye chakula cha kawaida. Mwanamke mfupi, mwenye umri mkubwa, anayekaa sana, anaweza kujikuta karibu na sakafu hiyo kihalali. Kwa wengine wengi ni namba ya kukata tamaa. Milo ya chini ya kalori 800 ipo, lakini ni ya kusimamiwa na daktari.

Njaa ya muda mrefu ilishawahi kupimwa. Kuanzia Novemba 1944, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwasimamia wanaume 36 waliojitolea. Kwa wiki 24 walikula takriban kalori 1,570 kwa siku huku wakitembea kama kilomita 35 kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Pia walikuwa wakali, walihisi baridi muda wote, walizungumza chakula tu, na baadhi walianza kukusanya vitabu vya mapishi. Ni kweli walikuwa vijana wembamba, hivyo si sawa na mtu wa kilo 82. Lakini yeyote ambaye siku ya nne ya dayati kali amejikuta saa 5 usiku akitazama video za mapishi ya biriani ataitambua hali hiyo.

Kuhesabu kwenye sufuria ya familia

Lengo zuri linaharibikia jikoni. Programu nyingi za simu zimejaa vyakula vya Ulaya na Marekani, zinajua mkate wa kila aina lakini hazijui sinia la wali la watu wanne. Tanzania ina jedwali lake la virutubisho vya vyakula lililotoka mwaka 2008, na Kenya ilitoa lake mwaka 2018, yote yana vyakula vya kwetu. Kwa matumizi ya kila siku, kuna njia rahisi zaidi: hesabu vikavu kabla ya kupika.

Kilo moja ya unga wa mahindi au mchele ina takriban kalori 3,600. Mama akisonga nusu kilo ya unga kwa watu watatu wanaokula sawasawa, kila mmoja kapata kama 600, ugali uwe mgumu au laini. Hakuna haja ya kupima bonge kwenye mizani mbele ya wageni.

Mafuta ya kupikia ndiyo mchawi wa kimyakimya. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120. Nusu kikombe, ambacho wapishi wengi humimina bila kufikiri kwenye mchuzi wa watu wanne, ni kama kalori 1,000. Yaani kila sahani imebeba 250 kabla ya nyama, kabla ya wali. Nyumba ikikubaliana kupika kwa vijiko vinne badala ya nusu kikombe, kila mtu anaokoa 130 kwa mlo huo na ladha ya mchuzi haiendi popote.

Chai nayo. Kijiko kidogo cha sukari ni kalori 16. Vijiko vitatu, vikombe vinne kwa siku, ni 192. Dada wetu akipunguza sukari kwa nusu, tayari robo ya pengo lake la kalori 390 imepatikana bila kugusa sahani.

Chipsi mayai anaweza kula. Ila viazi vya kukaanga robo tatu ya sahani, mayai mawili na mafuta ya kikaangio vinaweza kupita 800 kirahisi, karibu nusu ya siku yake. Akijua hilo asubuhi, mchana anakula maharage na mboga za majani, na jioni anakaa na wenzake kibandani kwa amani.

Kwenye lebo za vyakula vya kiwandani, angalia kama wameandika kJ. Hizo ni kilojuli, zigawe kwa 4.2 upate kalori. Watu hushtuka bure kuona soda ina 600 na kitu.

Kingine kinachosaidia lengo lishikike ni protini: mayai, dagaa, maharage, samaki, maziwa ya mgando. Inashibisha kwa muda mrefu, na inasaidia mwili usipoteze misuli wakati kilo zinashuka.

Mizani imegoma

Wiki ya kwanza mtu anaweza kushuka kilo 2 akafurahi mno. Nyingi ni maji: wanga uliohifadhiwa mwilini huondoka na maji yake, kila gramu ikibeba kama gramu 3. Ndiyo maana wiki ya tatu mizani ikisimama watu wanaona dayati imekataa. Pima asubuhi mara kadhaa kwa wiki, chukua wastani, linganisha wiki na wiki. Kwa wanawake, siku za hedhi zinaweza kuficha kilo nzima.

Kama wastani haujasogea kwa wiki 4, kanuni au hesabu ya sahani ina kasoro, na mara nyingi ni sahani. Mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watu waliosema wanakula chini ya kalori 1,200 na bado hawapungui. Walipopimwa kwa njia za maabara, walikuwa wakikadiria chakula chao pungufu kwa wastani wa asilimia 47. Kimetaboliki yao haikuwa na shida. Kuonja mboga jikoni, kumalizia ubwabwa wa mtoto, karanga za kwenye foleni: hivyo havikumbukwi.

Rudi kwenye mafuta na sukari kwanza. Vikiwa sawa, punguza lengo kwa 100 au 150, basi. Kushuka kutoka 1,700 hadi 1,200 kwa hasira ni kurudi kwenye harusi ya Jumamosi.

Wajawazito, wanaonyonyesha, walio chini ya miaka 18, na yeyote aliyewahi kuwa na tatizo la kujinyima chakula au kujitapisha, wasianze mpango huu bila mtaalamu. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari aongee na daktari kabla, kwa sababu dozi ileile na chakula pungufu vinaweza kushusha sukari hadi mtu akazimia.

Na siku dada wa Mbagala akifika kilo 72, kanuni ileile inampa kama kalori 1,950 za kubaki hapo. Kutoka 1,700 aliyoizoea, anaongezewa 250, kama chapati moja ya kawaida. Wa 1,200, kama alifika, hajui hata siku ya kawaida ya kula inafananaje.