Johannesburg: Bandari isiyo na bahari

Miji mingi mikubwa duniani ilizaliwa penye maji. Buenos Aires na Rio de Janeiro, kama ilivyo Mombasa na Dar es Salaam, ilikua kwa sababu merikebu zilipata pa kutia nanga. Johannesburg, mji wenye wakaazi wengi zaidi nchini Afrika Kusini, hauna bahari, ziwa wala mto wa kupitisha vyombo.

Mji huo umejengwa juu ya vilima vya Witwatersrand, takriban mita 1,750 kutoka usawa wa bahari. Mvua inayonyesha kaskazini mwa vilima hivyo hutiririka hadi Bahari ya Hindi. Inayonyesha kusini huishia Bahari ya Atlantiki.

Hata hivyo, tabia yake ni ya mji wa bandari. Umejaa wageni, biashara na lugha nyingi, na karibu kila kitu chake kimetoka kwingine.

Mji wa dhahabu

Johannesburg ilianzishwa mwaka 1886, baada ya dhahabu kugunduliwa katika shamba la Langlaagte. Miaka 10 baadaye tayari ilikuwa na watu wapatao 100,000. Reli kutoka Rasi ilifika mwaka 1892, na mwaka 1895 ikaunganishwa na bandari za Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, na Durban.

Dhahabu yake ilikuwa nyingi, lakini imetawanyika kidogo kidogo ndani ya mwamba ulio chini sana. Kuichimba kulihitaji mtaji mkubwa, na wenye migodi walitafuta faida kwa kuwalipa Waafrika ujira mdogo. Wafanyakazi walitafutwa Msumbiji, Lesotho, Malawi na hata Tanganyika, wakalazwa katika kambi za wanaume peke yao.

Wazulu huuita mji huo eGoli, yaani mahali pa dhahabu. Kwa wachimbaji wengi, kilichobaki ni vumbi mapafuni. Mwaka 2019 mahakama iliidhinisha makubaliano ya fidia ya takriban randi bilioni 5 kwa waliougua kutokana na vumbi hilo na kwa familia za waliofariki.

Nani mwenye mji?

Mji uliowahitaji Waafrika haukutaka wakae ndani yake. Mwaka 1955 serikali ya ubaguzi wa rangi ilianza kuwahamisha kwa nguvu wakaazi wa Sophiatown na kuwapeleka Meadowlands, eneo ambalo sasa ni sehemu ya Soweto. Pahali pao pakajengwa mtaa wa Wazungu ulioitwa Triomf, yaani ushindi. Jina la Sophiatown lilirejeshwa mwaka 2006.

Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikana. Polisi waliwafyatulia risasi, na miongoni mwa waliouawa alikuwamo Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12.

Ubaguzi wa kisheria umekwisha, lakini swali halijakwisha. Kitongoji cha Alexandra, chenye vibanda vilivyobanana, kinapakana na majumba ya fahari ya Sandton. Mwezi Mei 2008 ghasia dhidi ya wageni zilianzia Alexandra na kuenea nchini. Zaidi ya watu 60 waliuawa. Mwezi Agosti 2023, moto katika jengo moja katikati ya mji uliwaua zaidi ya watu 70, wengi wao wahamiaji waliokosa makaazi mengine.

Hata hivyo wageni wanazidi kuja. Huko Yeoville husikika Kiswahili cha Kongo sokoni, na Mayfair kuna maduka mengi ya Wasomali.

Maji ya kuazima

Bidhaa huja kwa treni na malori kutoka Durban hadi City Deep, bandari ya nchi kavu ambako makontena hupakuliwa mbali kabisa na bahari. Maji nayo husukumwa kwa pampu kutoka mto Vaal, ambao tangu mwaka 1998 huongezewa maji ya milima ya Lesotho kupitia mahandaki.

Mwezi Machi 2024 mabomba yalikauka kwa siku nyingi katika mitaa kadhaa, ya matajiri na ya maskini. Wakaazi walipanga foleni na ndoo zao wakingojea malori ya maji. Mji uliotajirika kwa kilichomo ardhini mwake ulikumbushwa kwamba uhai wake hutegemea majirani.