Daftari lililoishia mwezi wa 35: Kasongo, surua, na wazee wetu wa leo



Mukifungua daftari la wanachama wetu wa Wamaza, mutaona safu ya mwaka wa kuzaliwa. Wazee wetu wengi pale wameandikwa "karibu 1945", "karibu 1950". Wenye kuwa na karte ya uchaguzi, tarehe yao ni 1 Januari, kama vile kijiji kizima kilizaliwa siku ya Bonane. Si uongo wao. Hakuna mtu aliyewaandika kwa wakati wake, basi. Serikali ilihesabu watu wa nchi hii mara ya mwisho mwezi wa 7, mwaka wa 1984. Mtoto aliyezaliwa siku ya Uhuru, 30 Juni 1960, alikuwa kijana wa miaka 24 wakati ule. Leo ni mzee, na bado nchi haijarudi kumuuliza.

Komite iliniomba niandike juu ya afya ya wazee, kwa sababu Shirika la Afya Duniani, lile tunaloita OMS, limeweka miaka 2021 mpaka 2030 kuwa miaka kumi ya kuzeeka na afya. Nimechagua kuanza na watoto, juu hapa kwetu Maniema ya kusini, habari ya kutafuta kujua ni nini kinafanya mtu aishi siku nyingi ilianzia kwa watoto. Tena ilianzia Kasongo, si Kinshasa.

Mwanzo wa miaka ya 1970 wanganga toka Taasisi ya Magonjwa ya Nchi za Joto ya Antwerpen, Ubelgiji, walikuja kufanya kazi Kasongo pamoja na wanganga wa kwetu. Wazo lao lilikuwa hili: mgonjwa asitembee siku mbili ili kupanga mstari mbele ya hospitali kubwa. Apokelewe kwanza karibu na nyumba yake, katika kituo kidogo, na munganga mwenye kumjua yeye na watu wake. Hospitali ibakie kwa mambo ambayo kituo hakiwezi. Leo tunaona ni jambo la kawaida, hata tunalalamika kama kituo hakina dawa. Lakini wakati ule, kwa watu wengi, matibabu ya wazungu yalikuwa ni hospitali tu, na asiyefika alibaki na mizizi yake.

Waliandika mafunzo ya kazi ile mwaka wa 1981. Kitu kimoja kinanifurahisha: makala zao kubwa hazikubeba jina la mtu mmoja. Zilitiwa sahihi "Kikundi cha Mradi wa Kasongo". Katikati ya miaka ya 1980, Zaire iligawanywa katika zoni za afya 306, na Kasongo ilikuwa moja ya mahali ambapo mfano ule ulipikwa na kuonjwa kwanza. Leo zoni zimepita 500. Kila mara redio ikitaja zone de santé, mujue jikoni lake moja lilikuwa hapa.

Harrie Van Balen, mmoja wa wanganga wale, alirudia habari hiyo mwaka wa 1994 katika makala juu ya ushiriki wa watu wa Kasongo katika mradi. Neno "ushiriki" tumelichoka, najua. Kila shirika linakuja nalo, pamoja na kofia na tishati. Lakini kwa Kasongo nadhani jambo lilikuwa jepesi kuliko neno: mtu anakubali kuulizwa maswali kama mwenye kuuliza atarudi, na akirudi anakuja na kitu mkononi.

Sasa surua. Wamama wa zamani wanajua maana yake. Ilikuwa inapita katika kijiji msimu mmoja na kuacha makaburi madogo. Katikati ya miaka ya 1970 kikundi cha Kasongo kilichanja watoto, kisha kikalinganisha watoto wa mahali palipochanjwa na wa mahali ambapo chanjo haikuwa imefika. Hawakuhesabu wagonjwa wa surua peke yao. Walitengeneza jedwali la maisha. Chukua watoto wenye miezi 7. Mwezi wa 8, wangapi wangali hai? Mwezi wa 9? Endelea hivyo mpaka mwezi wa 35. Ili kufanya hesabu ile lazima ujue vitu vitatu: mtoto alizaliwa lini, anakaa nyumba gani, na kama anapumua. Babu zao walikuwa watu wa "karibu". Watoto hawa walikuwa na umri wa kweli, kwa miezi.

Matokeo yalitoka katika gazeti la wanganga la Uingereza, The Lancet, Aprili 1981. Yalikuwa na sehemu mbili, na ya pili ndiyo iliyoleta kelele. Sehemu ya kwanza: chanjo ilipunguza vifo katika miezi ile surua inapoua sana. Sehemu ya pili: kisha hapo faida ilianza kupungua, na watoto waliochanjwa wakaanza kukaribia wale wasiochanjwa. Waandishi wakauliza: je, mtoto aliyeokolewa na surua hakufa baadaye na kitu kingine, kuhara ao njaa ao malaria, kwa sababu alikuwa dhaifu tangu mwanzo?

Peter Aaby, mtafiti wa Denmark mwenye kufanya kazi Guinea-Bissau, hakukubali. Kazi yake ya miaka mingi ilionyesha kinyume: chanjo ya surua inapunguza vifo hata kuliko vile surua yenyewe ingeua. Kwa habari ya chanjo, mimi niko upande wa Aaby, na kila mama wa chama hiki achanje mtoto wake bila kusita. Lakini swali la Kasongo halikufa na jibu lile. Ni swali zuri, na ni swali la uzee kabisa: umeokolewa na nini, ili ukutwe na nini mbele?

Na pale ndipo daftari liliishia. Mwezi wa 35. Fikiri kidogo: mtoto aliyekuwa na miezi 10 mwaka wa 1975 leo amepita miaka 50. Wengine wenu wenye kusoma karatasi hii muko katika hesabu ile. Mulipona surua, kisha mukakutana na mengine: vita ya 1996, vita ya 1998 mpaka 2003, miaka ya Mai-Mai, msitu, kambi. Wenye kuvuka ziwa walikula posho ya Nyarugusu kule Kigoma. Wengine walikaa kwa ndugu Kongolo ao Kalemie. Kisha tukarudi. Sasa ndio umri wa tansio, wa sukari, wa magoti na macho, na hakuna jedwali.

Ngambo kuna mahali ambapo daftari halikufungwa. Framingham ni mji mdogo wa Marekani. Mwaka wa 1948 watu 5,209 wa pale, wenye umri wa miaka 30 mpaka 62, walikubali kupimwa na kurudi kupimwa tena na tena. Watoto wao wakafuata, kisha wajukuu. Mengi ambayo wanganga wanasema leo juu ya tansio, tumbaku na moyo, sehemu kubwa ilitoka kwa uvumilivu wa watu wale.

Kuna pia mahali ambapo daftari bovu lilidanganya dunia. Vilcabamba, kijiji cha milimani kule Ecuador, kilisifiwa kwamba wazee wake wanafika miaka 120 na zaidi. Waandishi wa magazeti walikuja, wenye kuuza maji walikuja. Kisha watafiti wawili, Mazess na Forman, wakaenda kusoma vitabu vya ubatizo na vya vifo. Mwaka wa 1979 waliandika kwamba miaka ilikuwa imeongezwa, na kati ya wale walioitwa watu wa miaka mia, hakuna hata mmoja aliyeifikisha. Kwa hiyo "karibu" si neno dogo. Linaweza kujenga hadithi nzima.

Mutasema: Marekani wana pesa, Ecuador wana mapadri wenye kuandika vizuri. Sawa. Basi twende Tanzania, katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, kwa watu wenye jembe kama sisi. Tangu 1992 Wizara ya Afya ya Tanzania na Chuo Kikuu cha Newcastle walianza kuandika watu wa vijiji vya Hai, nyumba kwa nyumba. Kukiwa na kifo, mtu wa kijiji mwenye kuaminika alitoa habari, kisha mtu aliyefundishwa alikwenda kukaa na wafiwa na kuwauliza taratibu: alianza kuumwa lini, upande gani wa mwili ulilegea, alikuwa anasema ao hapana? Hawakupasua maiti. Walisikiliza jamaa. Mwaka wa 2000 ilichapishwa kwamba kiharusi kiliua watu wa Tanzania, kwa umri wenye kulingana, kuliko watu wa Uingereza, na tansio isiyotibiwa ikatajwa kuwa moja ya sababu zake. Bila kujua umri, "wenye kulingana" lisingewezekana kusemwa.

Juu ya daftari lile lile walijenga kazi ya pili. Mnamo 2009 na 2010 walipima akili za wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Wakisha kusawazisha hesabu ya umri, walipata kwamba karibu 6.4 kwa mia walikuwa na ugonjwa wa kusahau, ule wenye kuharibu ubongo polepole. Ni ugonjwa, si laana. Hai wengi walikuwa wanauona kama uzee tu, na wengine walitaja uchawi. Hapa upande wetu wa Congo munajua neno lile linafika wapi. Mwaka wa 2021 kule Sud-Kivu wamama waliuawa na vijana wa kwao wenyewe kwa kuitwa wachawi. Mama mwenye kusema peke yake usiku, mwenye kupotea njia ya kisima, mwenye kumwita mjukuu kwa jina la marehemu: nyumba nyingine inamwogopa kabla ya kumpima.

Chombo cha kumpima hakina mashine. Kinaitwa IDEA, kilitengenezwa kwa watu wasiosoma, na mtu aliyefundishwa anakimaliza kwa dakika kama kumi. Anamwuliza mzee: daraja ni nini? Leo ni siku gani? Mkubwa wa kijiji hiki anaitwa nani? Taja wanyama wote unaowajua kwa dakika moja. Anamsomea maneno kumi na kuyauliza tena baadaye. Kisha anampatia njiti za kiberiti apange mfano aliouona.

Lakini tuangalie vizuri, juu hapa kuna kazi ambayo hakuna mtu wa Hai atatufanyia. Mkubwa wa kijiji hiki anaitwa nani? Mzee aliyekaa kambini miaka 20 anaweza kutaja shefu aliyekufa zamani, na akili yake ni nzima kabisa. Anatafuta njia iliyofunikwa na msitu, anauliza nyumba iliyoungua. Ni ugonjwa, ao ni vita? Chombo chenye kupimwa kwa watu waliokaa mahali pamoja maisha yao yote hakiwezi kutujibu mpaka kipimwe kwetu, na watu wenye kujua ni nani alikimbia mwaka gani. Watu hao ni sisi. Chuo kikuu kinaweza kuleta hesabu. Habari ya nani alikuwa wapi, haina.

Ndiyo sababu komite inaomba tuanze na umri. Hai, mzee asiyejua mwaka wake walimsaidia kwa matukio yaliyojulikana na wote. Tunayo ya kwetu. Wakati Wabelgiji walilazimisha watu kutafuta mpira kwa vita ya Hitler, ulikuwa umezaliwa? Siku ya Uhuru ulikuwa unabeba maji, ao ulikuwa unabeba mtoto? Wakati wa Mulele, 1964, ulikimbia kwa miguu yako ao mgongoni kwa mama? Mwaka wa 1972, Mobutu alipotunyang'anya majina ya Kikristo, ulikuwa na darasa gani? Maniema ilipokuwa jimbo peke yake, 1988, mtoto wako wa kwanza alikuwa amefika wapi? Maswali matano ao sita kama haya, mbele ya ndugu wawili wa rika moja wenye kubishana, yanaondoa sehemu kubwa ya "karibu".

(Mgeni Livingstone alilala Kabambare miezi mingi mwaka wa 1870 na vidonda vya miguu. Tunajua alikuwa na miaka 57. Mwenyeji aliyempikia, nani anajua umri wake?)

Kwa wafadhili, orodha yetu ni fupi: mashine za kupima tansio na betri zake, madaftari ya jalada gumu, na posho ya siku za mafundisho kwa vijana watakaozunguka nyumba. Chakula cha mzee na dawa ya tansio vitaombwa kwa barua ingine, wakati tutajua ni wazee wangapi. Kila jina litaandikwa kwa ruhusa ya mzee mwenyewe, na daftari litakaa kwa sekretari chini ya kufuli. Vita zimetufundisha kwamba orodha ya watu ikianguka mikono mibaya ni hatari.

Kwa wanachama: mwenye kuwa nyumbani na karte ya ubatizo ya mzazi, buku ya kazi ya wakati wa Wabelgiji, ao karte ya chanjo ya Kasongo ya miaka ile ya 1970, hata kama imeliwa na mchwa, ailete siku ya mkutano. Tutakopia mbele yake na kumrudishia palepale.